Bibi Talat Kapanda Gari la Nani?

Mahvash alikuwa ameshika mkono wa kushoto wa mama mkwe wake, Bibi Talat, naye Bi Parvane ameshika wa kulia, na kila mmoja alimvuta kuelekea gari lake huku akitabasamu.

Ilikuwa alasiri ya mwisho wa vuli, nje ya magofu ya Kharanaq, mji wa udongo ambao wenyewe waliuhama zamani wakauachia njiwa. Upepo wa jangwani ulikuwa umeanza kuinua vumbi. Familia mbili za Isfahan zilikuwa safarini pamoja ili zijuane vizuri, kwa sababu Kamyar, mwana wa Mahvash, alikuwa amemchumbia Negin, binti wa Bi Parvane. Walikuwa wamelala Yazd, wakazurura kwenye vichochoro vyake, wakanunua vitamu vya kupeleka nyumbani, kisha wakaja huku kuuona mnara unaotikisika. Jioni walipanga kula Meybod, kwenye nyumba ya kale ya misafara, na hapo ndipo siku ya nikahi ingepangwa.

“Niwe fidia yako, Bi Mahvash,” Bi Parvane alisema. “Leo Bibi ni wetu. Wewe umemchukua tangu Isfahan, hebu nasi tupate baraka.”

“Hasha, dada yangu! Mzee huyu ana maneno mengi, atawachosha.”

“Maneno yake ni asali.”

“Asali ina nyuki,” Bibi Talat akasema mwenyewe. Akawatazama wote wawili, mmoja baada ya mwingine, akainasua mikono yake. “Mnanigawana kama kondoo wa nadhiri? Mkimaliza, niiteni.” Akaikamata fimbo yake, akaenda kujikinga upepo nyuma ya ukuta.

Wale wawili wakacheka, wakaendelea. Kwa watu hawa kumkaribisha mtu mara moja si kumkaribisha, na kukataa mara moja si kukataa. Neno la kwanza ni upepo, la pili ni heshima, la tatu ndilo neno lenyewe, na mtoto wa Isfahan hujifunza hesabu hiyo kabla hajajua kujifunga viatu. Taarofu, ndivyo wanavyoiita, na wao huiona ndiyo utu. Mimi niliyekaa nao miaka mingi naiona nzuri pia, ila kuna siku natamani kuikamata shingoni.

“Haya, basi,” Mahvash alisema mwishowe, mkono kifuani. “Umeshinda. Nani mimi nikukatalie? Atapanda nanyi.”

“Nishinde mimi? Mungu apishe mbali! Haki ni ya mkaza mwana. Umeshinda wewe, dada.”

“Wewe.”

“Wewe, naapa kwa roho ya baba yangu.”

Kwa hesabu ya Mahvash, lake ndilo lilikuwa la tatu, na hayo ya Bi Parvane yalikuwa mapambo ya kuagana tu. Kwa hesabu ya Bi Parvane mambo yalikuwa kinyume kabisa. Wakabusiana mashavu yote mawili, wakageuka, kila mmoja akashika njia ya gari lake.

Mahvash alitembea haraka. Hushang, mumewe, alikuwa amewasha injini na kufunga vioo kwa ajili ya vumbi. Kamyar alikuwa nyuma, macho kwenye simu.

“Mama yuko wapi?” Hushang aliuliza.

“Kwa Bi Parvane. Wamemng’ang’ania.”

“Haya,” akasema Hushang, akatia gia.

Na hapa lazima niseme kweli juu ya Mahvash, maana asingeisema yeye. Moyo wake ulikuwa mwepesi kama wa msichana aliyetoroka shule. Tangu alipoolewa alikuwa akiishi chini ya paa moja na Bibi Talat. Kwa bibi huyo, wali wa Mahvash ulikuwa haukauki vizuri, pazia zake zilikuwa na rangi za kaburini, mtoto wake alikonda, kisha mtoto yuleyule akanenepa mno. Tangu kisukari kilipomwingia bibi, Mahvash ndiye aliyemchoma sindano asubuhi na jioni, na kila sindano ilikuja na neno lake. Leo mzigo huo ulikuwa kwenye gari la mwenzake, na mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Akafungua kioo kidogo, vumbi na vyote, akaanza kuimba pamoja na redio.

“Mama, kumbe una sauti!” Kamyar alisema.

“Nilikuwa nayo kabla yako na baba yako.”

Barabara ilipita kwenye tambarare tupu, milima ya rangi ya kutu upande mmoja. Simu ya Mahvash ikalia. Alikuwa Bi Parvane, kwenye gari lililokuwa nyuma yao.

“Hamjachoka, dada? Nyote wazima?”

“Wazima kabisa, kwa dua zenu. Na nyinyi?”

“Sote wazima, tunawabusu mikono. Tuonane mezani, inshallah.”

Kabla ya kukata, swali lilimfika Mahvash kwenye ulimi: Bibi kala chochote? Akalimeza. Kumuuliza Bi Parvane swali kama hilo ni kumwambia, sina imani nawe juu ya mzee wangu. Hivyo hakuuliza. Bi Parvane naye, kule kwake, alikuwa amelimeza lilelile kwa sababu ileile. Ndivyo walivyoagana kwa mabusu, na aliyestahili kuuliziwa hakuwa kwa huyu wala kwa yule.

Jua lilikuwa limeinama walipofika Meybod. Mahvash alifungua mkoba atafute kitana, vidole vyake vikagusa kifuko cha sindano za Bibi. Ah, akawaza, bora amefika, maana anachomwa kabla ya kula. Akashuka na kifuko mkononi.

Gari la pili likasimama ubavuni. Bwana Nader, mume wa Bi Parvane, akatoka akijinyoosha mgongo. Negin akatoka nyuma akikung’uta shungi lake. Mahvash alisogea na kifuko chake, akainama kwenye mlango ulioachwa wazi. Kulikuwa na koti, chupa ya chai, na kiti kitupu.

Alipoinua kichwa alimwona Bi Parvane. Bi Parvane alikuwa ameinama vilevile kwenye dirisha la gari la Hushang, mkono ukikinga mwanga, akitabasamu ndani kama mtu anayemwita mtoto. Kisha tabasamu likakauka.

Walitazamana juu ya paa za magari.

“Bibi yuko wapi?” Kamyar aliuliza.

Hushang hakuuliza la pili. Alirudi kwenye usukani, akageuza gari kwa fujo hata mtu wa baiskeli akamtukana, na Mahvash na Kamyar waliingia likiwa limeshaanza kutembea. Nyuma yao taa za gari la Nader zikawaka.

Kamyar alipiga simu ya dharura, akaeleza mara mbili, sauti ikimpasuka. Walimwambia watatuma watu. Bibi mwenyewe hakuwa na simu, aliiacha Yazd ikichajiwa. Katika magofu yale hakukuwa na mlinzi jioni, na Mahvash alikuwa ameyaona kwa macho yake mchana: mapaa ya udongo yaliyobonyea, ngazi zinazoishia hewani, vyumba juu ya vyumba, na mashimo yaliyofunikwa na nyasi kavu. Usiku wa jangwani ukiingia, baridi yake haijui mzee. Na mzee huyu alichomwa asubuhi, kisha mchana akala kijiko cha wali akasema umeiva vibaya. Sukari yake ilikuwa inashuka sasa hivi, wakati wao wanahesabu nguzo za umeme.

“Ulimwona akipanda?” Hushang aliuliza. Hakumtazama.

“Tulikubaliana na Bi Parvane…”

“Mahvash. Ulimwona akipanda?”

“Sikutazama.”

“Kwa nini hukutazama?”

Jibu alikuwa nalo. Hakutazama kwa sababu aliogopa kwamba akigeuka, Bi Parvane atakuwa amebadili nia, na bibi atakuwa anamfuata na fimbo yake. Alikimbia. Mtu akimkimbia mbwa hatazami nyuma, na yeye alimkimbia mama wa mumewe hivyohivyo. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto.

“Vumbi,” alisema. “Kulikuwa na vumbi.”

Hushang akakanyaga mafuta. Iwapo bibi amekufa, Mahvash aliwaza, harusi imekufa naye, na Hushang atanitazama hivi mpaka nizikwe. Kisha akajichukia kwa kuwa amewaza harusi.

Walipofika, mwanga wa mwisho ulikuwa unaning’inia juu ya mnara. Nyuma ya ukuta ule hakukuwa na mtu. Wanaume wawili wa kijiji kipya cha ng’ambo ya barabara waliona magari, wakaja na tochi, na bila maswali mengi wakagawana vichochoro. Hushang alipanda upande wa mnara akiita “Mama! Mama!” kama mtoto aliyepotea sokoni. Kamyar na Negin walikwenda upande wa daraja la kale lililo chini ya magofu. Bwana Nader alibaki barabarani kuwasubiri watu wa dharura, na wale akina mama wawili wakaingia katikati.

“Bibi Talat!” Bi Parvane aliita, shungi likimpeperuka, machozi yakimtiririka. “Bibi Talat mpenzi, utusamehe kwa usumbufu! Kama huna taabu, tuitikie, tafadhali!”

Wakati mwingine wowote Mahvash angecheka mpaka akae chini. Sasa alitamani kumziba mdomo. Aliita naye, “Mama mtukufu! Mama mpenzi!”, na maneno yakagonga kuta za udongo yakarudi matupu, kama yalivyokuwa matupu maisha yao yote. Upepo ulipita kwenye madirisha yasiyo na kitu. Giza lilikuwa linajaa vyumbani kwanza, kisha vichochoroni. Kila shimo alilomulika kwa tochi ya simu yake aliogopa kulimulika.

Bi Parvane alijikwaa, akakaa chini kwenye kifusi akaanza kujipiga magoti. “Nimemuua! Nimemuua mama wa watu!”

“Simama,” Mahvash alisema.

“Kosa ni langu, dada, niue na mimi!”

“Parvane, simama!” Hakumwita Bi wala dada. Bi Parvane akasimama, ameshtuka hata kulia akaacha.

Mahvash alipanda ngazi iliyovunjika, akafika kwenye kibaraza kilichotazamana na vyumba vya chini. Hapo hofu ikamzidi, ikageuka hasira, hasira ya miaka yote ile, na alipofungua mdomo haikutoka “mama mtukufu.”

“We mwanamke mkaidi!” alipiga kelele kwa nguvu zake zote. “We bibi kichwa ngumu! Uko wapi?”

Njiwa wakaruka. Kisha kutoka chini, sauti nyembamba, kavu, yenye chuki iliyo hai kabisa:

“Kichwa ngumu… mama yako.”

Mahvash akacheka na kulia kwa pumzi moja. “Yuko huku! Hushang! Yuko huku!”

Paa la chumba lilikuwa limetoboka, na chini yake, juu ya lundo la udongo na nyasi, tochi ilimwonyesha Bibi Talat ameketi akiegemea ukuta, mguu mmoja umekaa vibaya, nywele nyeupe zimejaa vumbi. Bi Parvane akakimbia kuwaita wanaume walete ngazi. Mahvash hakusubiri. Alishika ukingo, akajiachia, akaangukia magoti yake karibu na mzee, na maumivu hayakumfikia mpaka kesho yake.

Paji la uso la bibi lilikuwa limelowa jasho la baridi. Midomo ilitetemeka, na macho yalikuwa yanatafuta mahali pa kushika. Mahvash aliijua hali hiyo kama anavyojua sufuria zake. Alirarua boksi la vitamu vya Yazd lililokuwa mkobani, akamega, akamtia mdomoni kidogo kidogo.

“Tafuna. Umeze kabla sijakupa kingine.”

“Vya zawadi hivi,” Bibi alinong’ona.

“Tafuna!”

Akatafuna. Mahvash alivua koti lake, akamfunika mabega, akaushika mkono wake, mkono wa mifupa mitupu, akausugua upate moto. Juu walisikia hatua zikikimbia, mtu akisema kamba, mwingine akisema ngazi iko kwa jirani. Polepole midomo ya mzee ikaacha kutetemeka, na macho yakatulia juu ya uso wa mkaza mwana wake.

“Sikutazama nyuma,” Mahvash alisema. Hakujua kwamba angesema hivyo mpaka alipoyasikia maneno yenyewe. “Si vumbi. Sikutazama kwa sababu nilifurahi. Niliimba njia nzima.”

Bibi Talat akalamba sukari kwenye meno.

“Nilikuona,” alisema. “Nilichungulia nyuma ya ukuta. Nilikuona unavyokimbilia gari. Na yule mwingine anakimbilia lake.”

“Sasa kwa nini hukuita?”

“Ningeita ningesikika. Nilikuwa karibu.” Akavuta pumzi, mguu ukamuuma, akafumba macho. “Nikasema, hebu nione kama atageuka. Magari yakaondoka yote mawili. Nikasema, vema, basi wakirudi wanitafute mpaka wachoke. Nikaja kujificha huku. Paa nalo likanichoka.”

Mahvash alitaka kumkasirikia, akakuta hasira yote ameimaliza kule juu. Alichokiona ni mwanamke mzee nyuma ya ukuta akisubiri mtu mmoja ageuke, na mtu huyo hakugeuka. Akalia bila kujificha, na kamasi zikamtoka kama mtoto.

“Usinililie juu ya koti,” Bibi alisema. “Ndilo linalonipa joto.”

Nyuso zikajitokeza ukingoni, tochi zikawapiga machoni. Hushang alilala kifudifudi, akanyoosha mkono ambao haukufika. “Mama! Mama, uko hai?”

“Hai. Niletee ngazi, usiniletee maswali.”

“Kosa ni langu!” Bi Parvane alilia kutoka nyuma. “Hushang, niwe fidia yenu, kosa ni langu peke yangu!”

“Hasha, Bi Parvane!” Hushang akaitikia, huku machozi yakimdondoka shimoni. “Ni letu sisi. Tumewaharibia safari.”

“Mtuharibie vipi? Sisi ndio tuliowaharibia!” Bwana Nader naye alikuwa amefika akihema. “Watu wa dharura ndio hao wanakuja. Mimi ndiye dereva, mimi ndiye niliyestahili kuhesabu watu.”

“Usiseme hivyo, bwana. Lawama ni yangu.”

Mahvash alisikiliza lawama ikipita mkono kwa mkono juu ya kichwa chake, kila mmoja akiipokea na kuikabidhi kwa adabu, na alijua kwamba kabla ya kufika hospitali itakuwa imezunguka mpaka imeisha, na hakuna atakayebaki nayo. Angeweza kunyamaza. Akafuta uso kwa kiganja, akainua kichwa kwenye mwanga.

“Hushang,” aliita. “Nisikilize. Kosa ni langu mimi. Nilimwacha kwa sababu nilitaka kupumzika, niwe mbali naye. Sikutazama kama amepanda kwa sababu sikutaka kutazama.”

Tochi zilibaki zimemmulika usoni. Akangoja.

“Hasha, Bi Mahvash!” Bwana Nader akasema. “Usijivike lawama isiyo yako. Huo ni ungwana wako tu.”

“Jamani, moyo wake!” Bi Parvane akalia upya. “Negin, msikilize mama mkwe wako, ujifunze!”

“Mke wangu ndivyo alivyo,” Hushang akasema, na sauti yake ilijaa fahari na mapenzi. “Kila kosa la nyumba hulibeba yeye.”

“Nasema kweli!” Mahvash akapaza sauti.

“Tunajua, mpenzi, tunajua,” Hushang alimwambia kwa upole, kama anavyoambiwa mgonjwa, kisha akageuka kuipokea ngazi.

Mahvash aliinamisha kichwa. Mkono wa mzee, uliokuwa umelegea ndani ya mkono wake, ukamkaza vidole.

“Mimi nimekuamini,” Bibi Talat alisema kwa sauti ya chini, na mkono hakuuondoa hata ngazi ilipogusa ardhi.